Taa Kali Siyo Taa Nzuri

Jinsi ya kufunga taa mpya ya mbele kwenye pikipiki

Mwezi huu tunazungumza juu ya taa ya mbele ya pikipiki. Pikipiki zimekuwa nyingi katika wilaya za Kasulu na Kibondo. Mchana zinabeba maharage, ndizi na mahindi kwenda sokoni. Zinabeba walimu, wauguzi na maafisa ugani. Usiku zinabeba wagonjwa, na akina mama wanaokwenda kujifungua. Dereva ambaye taa yake inazimika njiani hahatarishi maisha yake peke yake. Anahatarisha pia maisha ya yule aliyemwamini na kupanda nyuma yake.

Nchi ya Buha ni ya vilima na mabonde. Barabara kuu inayotoka Kigoma kupita Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi imekuwa ikijengwa kwa lami kipande baada ya kipande. Lakini njia nyingi za kwenda vijijini ni za udongo mwekundu. Mvua huanza karibu na mwezi wa Oktoba na kuendelea mpaka Mei. Wakati huo njia huwa na utelezi na mashimo yenye maji. Wakati wa kiangazi vumbi ni jingi. Tena mkoa wetu uko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua huzama karibu saa moja jioni. Baada ya hapo giza huingia upesi. Dereva anayeondoka mjini saa kumi na mbili na nusu hufika kijijini gizani.

Ndiyo maana madereva wengi hununua taa mpya dukani. Taa ya zamani imevunjika, au mwanga wake ni hafifu. Hilo si kosa. Kosa ni kufunga taa bila kujua umeme wa pikipiki yako.

PIKIPIKI YA NJIA ZOTE

Zipo pikipiki zilizotengenezwa kwa lami tu. Zipo pia zilizotengenezwa kwa lami na kwa njia mbaya. Hizi zina shokapu ndefu. Madigadi ya mbele iko juu ili matope yapite. Matairi yake yana meno makubwa. Honda XL 125 na Yamaha DT 125 ni za aina hii. Kwa miaka mingi watumishi wengi wa serikali na wa miradi wametumia pikipiki za namna hii vijijini.

Pikipiki hizi ni imara, lakini taa zake hupata taabu. Taa imefungwa mbele ya usukani, nayo hugeuka pamoja na usukani. Kila tairi linapoingia shimoni, taa hutikisika. Nati hulegea. Waya hukatika ndani ya ngozi yake bila kuonekana. Glopu hufa kabla ya siku zake. Kwa hiyo ukifunga taa mpya, fikiria mambo matatu: umeme, mtikisiko na maji.

KWANZA UJUE UMEME WAKO

Mara nyingi kwa fundi mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana. Nini kimeharibika?"

"Taa yangu haioni mbali. Nifungie glopu ya gari."

"Pikipiki yako inatoa umeme wa kiasi gani?"

"Sijui, fundi."

"Basi tujue kwanza, halafu ndipo tufunge."

Fundi huyu anasema kweli. Yako mambo matatu ya kujua.

La kwanza ni volti. Pikipiki nyingi za zamani zilikuwa na umeme wa volti 6. Za siku hizi nyingi ni za volti 12. Ukifunga glopu ya volti 6 kwenye pikipiki ya volti 12, itaungua mara moja. Ukifunga glopu ya volti 12 kwenye pikipiki ya volti 6, itatoa mwanga mwekundu na hafifu kama kaa la moto. Tazama betri. Volti zimeandikwa hapo.

La pili ni wati. Wati zinaonyesha glopu inakula umeme kiasi gani. Pikipiki nyingi ndogo zina glopu ya wati 35. Glopu ya gari ina wati 55 au 60. Mashine ndogo ya umeme ndani ya injini ya pikipiki haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Ni kama kumtwika mtoto gunia la mtu mzima. Kwanza betri inaisha chaji. Kisha swichi inapata moto na kuyeyuka. Bakuli la taa, ambalo mara nyingi ni la plastiki, linababuka kwa joto. Mwisho taa inazimika, na huzimika usiku kwa sababu usiku ndipo inapofanya kazi.

Hesabu yake ni rahisi. Gawanya wati kwa volti, utapata ampea. Wati 35 kwa volti 12 ni karibu ampea 3. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Tazama glopu ya zamani kabla ya kwenda dukani. Soma wati zake. Nunua taa yenye wati hizo hizo au pungufu.

La tatu ni namna ya umeme. Katika pikipiki nyingine taa hupata umeme kutoka kwenye betri. Umeme huo huenda upande mmoja tu. Kwenye pakiti ya taa huandikwa herufi DC. Katika pikipiki nyingine taa hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini. Umeme huo huenda na kurudi. Huandikwa AC.

Utajuaje? Zima injini. Washa ufunguo na swichi ya taa. Taa ikiwaka injini ikiwa imezimwa, inatumia betri. Ikiwa haiwaki mpaka injini iungurume, na mwanga unapanda na kushuka kwa kufuata mafuta, inatumia koili.

Jambo hili ni muhimu kwa wanaotaka taa za LED. Taa hizi ni nzuri. Zinakula umeme kidogo na kutoa mwanga mwingi. Lakini nyingi zinataka umeme wa betri. Ukiiunga kwenye umeme wa koili, itapepesa au itakufa. Soma pakiti, au mwulize muuzaji akuonyeshe maandishi. Ikiwa pakiti haina maandishi yoyote, iache dukani.

RANGI ZA WAYA ZINADANGANYA

Wengi huamini kuwa rangi za waya ni sawa kwa pikipiki zote. Si kweli. Kwenye Honda waya wa kijani ni waya wa eathi, yaani waya unaorudi kwenye chuma cha pikipiki. Waya wa buluu ni wa mwanga wa mbali. Mweupe ni wa mwanga wa karibu. Kwenye Yamaha mambo ni mengine. Eathi ni waya mweusi. Mwanga wa mbali ni waya wa manjano. Na ule wa kijani ni wa mwanga wa karibu.

Umeona hatari yake? Fundi aliyezoea Honda akikuta Yamaha, ataufunga waya wa kijani kwenye chuma. Ukiwasha taa, fyuzi itakatika au waya utaungua. Pikipiki nyingi zilizotengenezwa China hufuata rangi za Honda, lakini usitegemee. Tena pikipiki iliyopita mikononi mwa watu wengi huwa imebadilishwa waya mara nyingi. Pima kwanza.

Kupima si kazi ngumu. Chukua glopu ndogo ya indiketa yenye volti sawa na za pikipiki. Iunge waya mbili. Waya mmoja ushike kwenye chuma kitupu cha pikipiki, kisicho na rangi wala kutu. Waya wa pili gusa kwenye waya unaotaka kuujua. Washa taa. Ikiwa taa yako inatumia koili, washa na injini. Waya unaowasha glopu ukiwa kwenye mwanga wa mbali ndio wa mbali. Unaowasha ukiwa kwenye mwanga wa karibu ndio wa karibu. Weka alama kwa kipande cha tepu.

KAZI YENYEWE

Fanya kazi hii mchana, mahali pakavu. Andaa spana, bisibisi, koleo, tepu ya umeme, kitambaa safi na kipande cha tyubu kuukuu.

1. Pima waya na kuweka alama kama tulivyoeleza.

2. Zima ufunguo. Fungua betri. Anza kufungua waya wa hasi.

3. Fungua taa ya zamani. Nati na bolti ziweke kwenye kopo ili zisipotee.

4. Tazama mikono ya chuma inayoshika taa. Ikiwa imepinda au ina ufa, itengeneze kwanza. Taa mpya kwenye chuma kibovu ni kazi bure.

5. Kata vipande vya tyubu. Viweke kati ya chuma na shokapu, na kati ya taa na mikono yake. Mpira huo hupunguza mtikisiko, na glopu hudumu zaidi.

6. Ikiwa unaweka glopu ya kioo, usiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya mkono hubaki kwenye kioo, na kioo kikipata moto huharibika mapema. Shika kwa kitambaa safi.

7. Unga waya kwa kufuata alama. Eathi kwa eathi, mbali kwa mbali, karibu kwa karibu. Kusokota waya kwa vidole hakutoshi. Tumia viungio vya chuma vya kubana, kisha zungushia tepu.

8. Panga waya zikiwa zimelegea kidogo. Geuza usukani kulia mpaka mwisho, halafu kushoto mpaka mwisho. Waya zisivutwe wala zisibanwe. Ziweke mbali na bomba la moshi.

9. Waya ziingie kwenye taa kutoka chini. Zikitokea juu, maji ya mvua yatazifuata mpaka ndani. Usizibe kitundu kidogo kilicho chini ya taa. Hicho ni cha kutolea unyevu.

10. Kaza nati zote. Rudisha betri. Safari hii waya wa hasi uwe wa mwisho. Washa ujaribu.

Ikiwa unaongeza taa ndogo za pembeni, waya wake wa chanya lazima uwe na fyuzi yake karibu na betri. Taa ya wati 18 kwa volti 12 hutumia ampea 1 na nusu. Fyuzi ya ampea 3 inaitosha. Usiweke karatasi ya kung'aa ya sigara wala kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi ni mlinzi. Mlinzi akilala, mwizi huingia, na hapa mwizi ni moto.

Kumbuka pia kuwa betri ni kama debe la maji. Betri ya ampea 5 kwa saa ikibeba taa mbili za wati 18 bila kuchajiwa, itaisha kwa muda unaopungua saa mbili. Usizidishe taa.

ELEKEZA MWANGA CHINI

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi hulisahau. Taa iliyofungwa vizuri lakini ikatazama juu ni mbaya kuliko taa hafifu. Inamulika matawi ya miti na macho ya wenzako. Anayekuja mbele yako haoni kitu. Anaweza kukugonga, au kumgonga mwanafunzi aliye kando ya njia.

Fanya hivi jioni. Simamisha pikipiki kwenye ardhi ya sawasawa, mbele ya ukuta, hatua kubwa tano kutoka ukutani. Hizo ni karibu mita 5. Dereva akae juu. Ikiwa kazi yako ni kubeba abiria, abiria naye akae, kwa sababu uzito wa nyuma huinua taa ya mbele. Pima kimo cha taa kutoka chini. Piga mstari wa chaki ukutani kwa kimo hicho hicho. Washa mwanga wa karibu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya mstari kwa upana wa kiganja. Ukipita juu, inamisha taa kidogo na kukaza tena.

Tazama pia umbo la mwanga. Taa nyingi zimetengenezwa ili upande mmoja wa mwanga upande juu kidogo na kumulika kando ya njia. Sisi Tanzania tunapita kushoto. Kwa hiyo mwanga upande juu upande wa kushoto. Wenzetu wa Burundi wanapita kulia. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kupita kulia huinua mwanga upande wa kulia. Kwetu huo ndio upande wa macho ya anayekuja. Sisi tulio karibu na mpaka, wa Manyovu na Mabamba, tuangalie jambo hili zaidi tunaponunua taa.

USIKIMBIE KULIKO MWANGA WAKO

Tufanye hesabu moja. Taa yako iko kimo cha sentimita 90. Umeiinamisha kwa upana wa kiganja kwa kila mita 5. Mwanga wa karibu utagusa ardhi kiasi cha mita 55 mbele yako. Hapo ndipo mwisho wa macho yako.

Ukienda kilomita 40 kwa saa, unapita mita 11 kila sekunde. Ukiona ng'ombe mbele, sekunde moja au zaidi inapita kabla mkono haujashika breki. Kisha tairi linasota kwenye changarawe. Utasimama baada ya mita 30 hivi. Umepona, na ng'ombe amepona.

Ukienda kilomita 60 kwa saa, unapita karibu mita 17 kila sekunde. Kusimama kwenye changarawe kutahitaji kiasi cha mita 60. Mwanga wako umeishia mita 55. Yaani utamgonga ng'ombe hata kama breki zako ni nzima. Na wakati wa utelezi utahitaji njia ndefu zaidi.

Taa mpya humpa dereva moyo wa kukimbia. Hapo ndipo hatari ilipo. Taa imeongezwa ili uone, siyo ili ukimbie. Mwenda pole hajikwai.

Mwingine akija mbele yako, shusha taa kwenye mwanga wa karibu. Yeye asiposhusha, usishindane naye. Punguza mwendo, tazama ukingo wa kushoto wa njia, usitazame taa yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inadai chombo cha moto kiwe na taa kinapotembea usiku. Taa ya mbele iwe nyeupe au ya manjano. Nyekundu ni ya nyuma.

TUNZA TAA KILA SIKU

Kabla jua halijazama, fanya mambo manne. Futa vumbi na matope kwenye kioo cha taa. Washa mwanga wa mbali na wa karibu. Tikisa taa kwa mkono uone kama imelegea. Tazama taa ya nyuma na ya breki. Kazi hii haichukui dakika tano.

Safarini beba glopu moja ya akiba, fyuzi mbili na tochi. Taa ikizimika njiani, toka barabarani kabisa. Usiendelee kwa mwanga wa mbalamwezi. Usimfuate mwenye taa mbele yako ukidhani mwanga wake unakutosha. Yeye akikwepa shimo, wewe utaingia.

Madereva wa kijiwe kimoja wanaweza kusaidiana. Chagueni ukuta mmoja karibu na kijiwe. Chukueni ruhusa kwa mwenye nyumba. Pigeni mstari mweupe ukutani, na mwingine chini, mita 5 kutoka ukutani. Kila Jumamosi jioni kila mmoja apitishe pikipiki yake hapo. Changeni mnunue kipima umeme kimoja cha wote. Abiria nao wana kazi yao. Kabla ya kupanda usiku, mwambie dereva: "Ndugu yangu, washa taa nione." Asiye na taa asikubebe.

MANENO MAPYA

Ampea: kipimo cha wingi wa umeme unaopita kwenye waya.

Eathi: waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha pikipiki.

Fyuzi: kipande kinachokatika umeme ukizidi, ili waya zisiungue.

Volti: kipimo cha nguvu inayosukuma umeme.

Wati: kipimo cha umeme unaoliwa na taa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini glopu ya gari haifai kwenye pikipiki ndogo?

2. Waya wa kijani ni wa nini kwenye Honda? Na kwenye Yamaha?

3. Kwa nini abiria akae juu ya pikipiki tunapoelekeza taa?

4. Pikipiki ya kijijini kwenu inayobeba wagonjwa usiku, taa yake ikoje? Nani ataikagua wiki hii?